Maji ya mshubiri kwenye jicho la mtoto: daktari anajibu

"Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 4. Juzi aliamka jicho la kushoto limekuwa jekundu, kope zimegandana kwa tongotongo, na leo la kulia nalo limeanza. Halii, halalamiki maumivu, anacheza kama kawaida. Mama mkwe wangu anataka tumtilie maji ya mshubiri yaliyochanganywa na asali. Anasema watoto wake 6 wote walitibiwa hivyo na hakuna aliyepofuka. Nimeperuzi nikakuta imeandikwa kwamba utafiti umethibitisha mshubiri, asali na mwarobaini vinaua bakteria. Kama ni kweli, mbona hospitalini hamtupi? Na kama si kweli, hao watoto 6 waliponaje?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza la haraka, maana mtoto hangoji nimalize hotuba: usimtilie hayo maji. Chemsha maji safi, yaache yapoe, chovya pamba, mfute tongotongo kuanzia pembe ya puani kuelekea nje, kila jicho na pamba yake, kisha pamba hiyo uitupe. Kwa dalili ulizozitaja, usiku wa leo hahitaji zaidi ya hapo. Nitakwambia baadaye ni dalili zipi zikitokea umkimbize hospitali.

Sasa tuzungumze. Swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ndilo watu husahau kuliuliza. Hao watoto 6 waliponaje? Mama mkwe wako hasemi uongo. Aliwatilia mshubiri, na walipona. Anayekubishia kwa kukwambia "dawa za kienyeji haziponyi, huo ni ujinga" hajakujibu, kwa sababu mwenzio ameona kwa macho yake.

Mwaka 2005 watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya watoto 326 waliofika kwa daktari wakiwa na ugonjwa huu huu wa mwanao: jicho jekundu na tongotongo. Nusu yao walipewa matone ya klorampheniko, dawa ambayo hospitali nyingi duniani huitoa kwa kazi hiyo. Nusu nyingine walipewa matone yanayofanana nayo kabisa, ila hayana dawa ndani. Wazazi hawakujua mtoto wao amepewa yapi. Siku ya 7, waliopewa dawa walikuwa wamepona 86 kati ya kila 100. Waliopewa matone matupu walikuwa wamepona 83 kati ya kila 100.

Rudia kuzisoma hizo namba mbili polepole. Dawa yetu ya hospitali, tunayoiandika kila siku, iliwashinda watu wasiopewa kitu kwa watoto 3 tu kati ya 100, tofauti ndogo kiasi kwamba huenda imetokana na bahati tu. Nami nilipousoma utafiti huo mara ya kwanza sikufurahi, maana nilikuwa nimeshaandika chupa nyingi mno za klorampheniko kwa kujiamini.

Kwa hiyo ukichukua watoto 6 wenye macho mekundu ya kawaida ukawatilia mshubiri, au ukawasomea shairi, wengi wao wiki ikiisha watakuwa wazima. Hapo ndipo sifa ya dawa ya jicho inapojengwa. Ugonjwa uliopangiwa kuondoka wenyewe humpa heshima yeyote atakayekuwepo siku unapoondoka. Ni vivyo hivyo kwa bibi na kwa daktari.

Kinachoponya ni jicho lenyewe. Machozi si maji ya chumvi tu. Yana kemikali inayoitwa laisozaimu, inayopasua kuta za bakteria. Aliyeigundua ni Alexander Fleming, yule yule aliyekuja kuigundua penisilini, na taarifa yake aliichapisha mwaka 1922. Ili apate machozi ya kutosha kwa majaribio aliwakamulia ganda la limau machoni wasaidizi wake. (Usiige. Walikuwa watu wazima na walikubali wenyewe.) Mbali na hiyo laisozaimu, machozi yana protini inayowanyima bakteria madini ya chuma, yana kingamwili, na kila tunapopepesa kope tunafagia uchafu kuelekea kwenye tundu dogo lililo pembeni mwa jicho, unakoshuka hadi puani. Ndiyo maana ukitiwa matone machungu unayaonja kooni.

Tukienda kwenye hilo ulilosoma, kwamba utafiti umethibitisha, nalo si uongo. Ila jiulize utafiti wenyewe ulifanyika wapi. Karibu mara zote ulifanyika kwenye kisahani cha maabara. Wanachukua majani ya mwarobaini, wanayakausha, wanayasaga, wanayaloweka kwenye kileo kikali, wanakivukiza kileo, kinabaki kitu kizito cheusi. Hicho wanakitia kwenye kisahani walichooteshea bakteria, na kesho yake wanapima ukubwa wa duara ambalo bakteria wameshindwa kuota. Kuna maandishi mengi sana ya namna hiyo kuhusu mwarobaini, mlonge, kivumbasi, kitunguu saumu, manjano na mimea mingine mingi. Duara linaonekana kweli. Ila kwenye kisahani hicho hicho hata maji ya betri yangechora duara zuri, na hakuna anayemtilia mtoto maji ya betri. Kisahani hakisikii maumivu, hakina kioo (ule utando angavu wa mbele ya jicho) cha kupata kovu, wala hakina machozi ya kuiosha dawa ndani ya dakika chache.

Hebu fikiria vipimo vyenyewe. Machozi yaliyotanda juu ya jicho zima ni kama maikrolita 7 tu, yaani mililita moja ukiigawa mara 1,000, uchukue vipande 7. Tone moja la dawa lina maikrolita 30 hadi 50. Sehemu kubwa inamwagika shavuni au inashuka puani mara moja. Kinachobaki kinaendelea kupungua kila anapopepesa. Hivyo dawa ya jicho ni lazima iwe na nguvu ya kufanya kazi kabla haijaoshwa, lakini isiwe kali kiasi cha kulichoma jicho, kwa sababu jicho likichomwa linamwaga machozi na kuiosha dawa yenyewe. Uchachu wake ukaribiane na wa machozi, chumvi yake vilevile, na isiwe na kijidudu hata kimoja. Kutimiza masharti hayo yote kwa pamoja ni kazi ngumu hata kwa kiwanda.

Nichukue asali, kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kati ya vitu viwili vya mama mkwe wako. Asali huua bakteria kwa njia kadhaa: sukari yake nyingi huwafyonza maji, ni chachu, na kimo ndani yake kimeng'enya cha nyuki ambacho asali ikichanganywa na maji kidogo hutengeneza haidrojeni peroksaidi. Asali ya manuka, inayotokana na maua ya mti wa New Zealand na Australia, ina kemikali ya ziada inayoua bakteria hata bila hiyo peroksaidi. Yako matone na malhamu ya macho yanayotengenezwa kwa asali hiyo, na yamefanyiwa majaribio kwa watu wenye macho makavu na kope zenye uvimbe sugu, yakaonyesha nafuu. Lakini asali hiyo imepigwa mionzi kuua vijidudu, imepimwa, imezimuliwa kwa kiwango maalumu. Na hata hivyo wanaoitumia husema inawasha vikali mwanzoni. Asali ya chupa ya nyumbani, hata iliyorinwa leo asubuhi, hubeba mbegu za bakteria na fangasi zilizolala usingizi. Hazioti ndani ya asali kwa sababu ni nzito. Mama mkwe akiizimua kwa maji ya mshubiri ameziamsha. Mojawapo ni mbegu za bakteria wa sumu ya botulino, ndiyo maana mtoto aliye chini ya mwaka 1 hapewi asali hata ya kulamba.

Mshubiri wenyewe una vitu viwili tofauti ndani ya jani moja, na watu huvichanganya. Ule uteute mweupe wa katikati ni mpole, na kuna majaribio ya maabara yaliyoonyesha kwamba unapunguza uvimbe kwenye chembe za kioo cha jicho. Lakini chini tu ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, ndio ule unaoharisha watu wakiunywa. Ukikata jani kwa kisu cha jikoni na kukamua, vyote viwili vinatoka pamoja. Hakuna namna ya kujua umetia kiasi gani cha kipi.

Mengine nitayapita upesi. Maziwa ya mama yana kingamwili kweli, lakini yalipopimwa maabara mwaka 2013 dhidi ya bakteria wanaosababisha macho mekundu ya watoto, wengi wao hayakuwatikisa. Chai ya kamomili inayosifiwa sana mitandaoni imewahi kuwaletea watu mzio wa macho ule ule waliotaka kuutibu, hasa wale wanaosumbuliwa na mzio wa chavua. Utomvu wa mnyaa na jamii yake ni moto mtupu: unachubua kioo cha jicho na kuleta uvimbe hadi ndani, wala usiukaribie. Mkojo, ambao bado kuna watu wanaamini ni dawa, umeshapeleka kisonono machoni, na kisonono cha jicho kinaweza kutoboa kioo ndani ya saa 24.

Lakini sumu ya mmea si hofu yangu kubwa. Hofu yangu kubwa ni usafi. Mwaka 2023 nchini Marekani kulitokea mkasa uliotushtua wote katika kazi hii. Matone ya kawaida ya kulainisha macho makavu, yaliyotengenezwa kiwandani, yalikutwa na bakteria aitwaye Pseudomonas. Watu 81 katika majimbo 18 waliambukizwa. 14 walipoteza uwezo wa kuona, 4 iliwalazimu kung'olewa jicho, na 4 walifariki. Na hicho kilikuwa kiwanda, chenye mitambo. Sasa weka kando yake kisu, kikombe, kitambaa cha kuchujia na vidole vya mtu anayempenda mjukuu wake kwa dhati. Kuchemsha kunasaidia, lakini hakuui mbegu za baadhi ya bakteria, na dawa iliyochemshwa ikikaa kwenye kikombe tangu asubuhi hadi jioni imeshageuka bustani ya vijidudu. Haina cha kuizuia isioze.

Kuna hali moja ambayo naomba uikumbuke hata kama si ya mwanao. Mtu akiwa shambani jani au kijiti kikampiga jichoni, kinaacha mchubuko mdogo kwenye kioo. Mchubuko huo unaweza kuingiwa na fangasi wa kwenye mimea, na fangasi hao hula kioo taratibu, kwa siku nyingi. Jicho linauma, linakuwa jekundu, na mwenyewe anakwenda kukamuliwa majani. Yaani jeraha lililoletwa na jani linapelekewa majani mengine. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba karibu robo ya wagonjwa wenye vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wametiwa dawa za asili kabla ya kufika hospitali. Mara nyingi huwezi kujua ni dawa iliyosababisha kidonda, au kidonda kilikuwepo na dawa ikakizidisha, au iliwapotezea tu siku tano za thamani. Kwa mgonjwa matokeo ni yale yale: kovu jeupe mbele ya mboni. Na kovu la kioo halitibiki kwa matone yoyote, ya kwetu wala ya kwao.

Basi, je, nasema mimea haina dawa ya macho? Hapana, na hapa ndipo napenda kukaa, kwa hiyo nivumilie.

Uliuliza mbona hospitalini hatuwapi. Tunawapa, ila hamuitambui ikiwa kwenye chupa. Kuna haragwe linaloota eneo la Calabar, kusini-mashariki mwa nchi iitwayo leo Nigeria. Zamani mtuhumiwa wa uchawi alilazimishwa kulila. Akitapika ameshinda kesi, akifa basi. Mwaka 1863 daktari wa Edinburgh aitwaye Argyll Robertson alichukua dondoo la haragwe hilo akalitia kwenye jicho lake mwenyewe, akaona mboni inasinyaa. Miaka 13 baadaye, mwaka 1876, daktari wa macho Ludwig Laqueur akalitumia kutibu glakoma, ile presha ya macho, ugonjwa ambao yeye mwenyewe alikuwa nao. Ilikuwa moja ya dawa za mwanzo kabisa za matone kwa ugonjwa huo. Iliyofuata, pilokapini, ilitoka kwenye majani ya mmea wa Amerika Kusini uitwao jaborandi, na hadi leo ipo kwenye makabati yetu. Dawa tunayotumia kupanua mboni, atropini, ilitoka kwenye mmea wenye sumu uitwao beladona, na mmea wa datura unayo sumu ya aina hiyo hiyo.

Atropini inafundisha jambo moja ambalo mshubiri wa nyumbani hauwezi kulitimiza, nalo ni kipimo. Kwa asilimia 1 inapanua mboni na kutuliza maumivu ya jicho lililovimba ndani. Kwa asilimia 0.01 hadi 0.05 wanapewa watoto ili kupunguza kasi ya kutoona mbali, usiku baada ya usiku, kwa miaka. Kitu ni kile kile. Ila mtoto mdogo akizidishiwa ile ya asilimia 1 atapata homa, uso utamwiva na ataweweseka. Na mtu akikamuliwa datura jichoni ambaye jicho lake limeumbwa na njia nyembamba ya maji, presha inaweza kumpanda ghafla usiku huo huo. Jani halijaandikwa asilimia zake. La msimu wa mvua si sawa na la kiangazi, na la mti huu si sawa na la mti ule.

Kwa maambukizi hasa, mfano ninaouheshimu zaidi ni wa beberini, kemikali ya njano iliyo kwenye magome na mizizi ya mimea ya jamii ya beberisi, inayotumika katika tiba ya asili ya India tangu kale. Mwaka 1982 madaktari wa huko walichapisha majaribio kwa wagonjwa wa trakoma, vile vikope vinavyokwaruza jicho hadi upofu. Matone ya beberini ya asilimia 0.2 yalilinganishwa na dawa ya salfa iliyotumika wakati huo. Salfa ilituliza dalili haraka zaidi, lakini waliotibiwa kwa beberini walirudiwa na ugonjwa mara chache zaidi. Wagonjwa walikuwa wachache, na leo trakoma inatibiwa kwa azithromaisini ya kumeza pamoja na kuosha uso na kuboresha usafi wa mazingira, kwa hiyo sikushauri uende kuisaka. Nakuonyesha tu njia sahihi ilivyo: wametoa kitu kimoja kwenye mmea, wamekipima, wamekisafisha, wamekilinganisha na dawa nyingine kwa wagonjwa halisi.

Linganisha na ua liitwalo eufrasia, linalosifika Ulaya tangu karne za kati kwa sababu michirizi ya petali zake iliwakumbusha watu jicho lenye damu. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 65 waliotiwa matone yake. 53 walipona kabisa, yaani asilimia 81.5. Ukiisoma peke yake unaweza kutoka mbio kwenda kuitafuta. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na wewe sasa unaijua ile 83 ya matone matupu ya Oxford. Hao walikuwa wagonjwa wengine, mahali pengine, kwa hiyo siwezi kuzitoa namba hizo moja kwa nyingine kama hesabu ya dukani. Ila ukisikia "asilimia 80 walipona", uliza: na wasiotiwa je?

Na kuna hili la mwisho, ambalo huwa nawasimulia vijana ninaowafundisha. Huko Uingereza kimebaki kitabu cha tiba cha karne ya 10, kiitwacho Bald's Leechbook, na ndani yake imo dawa ya kile wataalamu wanachokitafsiri kuwa chokea, kijipu cha kwenye ukope. Chukua kitunguu saumu na kitunguu cha jamii ya liki, ponda pamoja, tia divai na nyongo ya ng'ombe, weka kwenye chombo cha shaba siku 9, chuja kwa kitambaa, na usiku upake kwa unyoya. Mwaka 2015 mwanabiolojia na mtaalamu wa maandishi ya kale wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliamua kuifuata neno kwa neno. Walitarajia kicheko. Mchanganyiko ule uliwaua karibu bakteria wote wa stafilokoka, na kwenye vidonda vya panya uliwapunguza kwa kama asilimia 90 hata wale sugu wasiosikia dawa nyingi za hospitali. Walipojaribu kiungo kimoja kimoja, nguvu ile haikuonekana. Mwaka 2020 utafiti mwingine ulirudia: ni mchanganyiko mzima unaowavunja bakteria waliojikusanya kwenye utando wao.

Kwa hiyo wazee wanaweza kuwa wanajua kitu. Mimi nalikiri hilo bila kuona haya. Lakini angalia pia wenye kitunguu saumu chao wamefanya nini baada ya hapo: hawakumtilia mtu jichoni. Wamerudi maabara, mwaka baada ya mwaka, kupima usalama wake.

Sasa turudi kwa mwanao. Kuanza jicho moja kisha la pili, bila maumivu makali, mtoto anacheza: hiyo ni sura ya macho mekundu ya kawaida ya virusi au bakteria. Endelea kumfuta kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya kope kitampunguzia muwasho. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, taulo na mto viwe vyake peke yake, maana virusi hivi hukaa juu ya vitu kwa siku nyingi na vinaweza kuipitia nyumba nzima. Ukiandikiwa klorampheniko usiikatae. Inaweza kufupisha siku za tongotongo kwa baadhi ya watoto. Ila usinunue mwenyewe matone yenye deksamethasoni au betamethasoni kwa kuwa jirani aliyatumia yakamng'arisha jicho siku hiyo hiyo. Hizo ni steroidi. Zinaondoa wekundu, na nyuma ya pazia zinawapa virusi vya malengelenge na fangasi nafasi ya kukitafuna kioo. Kwangu mimi hizo ni hatari sawa na majani, na zinatoka kwetu sisi.

Mpeleke siku hiyo hiyo akianza kulalamika maumivu, akikwepa mwanga, akisema haoni vizuri, ukiona doa jeupe au la kijivu kwenye kioo, mboni moja imekuwa tofauti na nyenzake, kope zikivimba na homa ikapanda, au kama jicho lilipigwa na kitu. Na ikiwa siku 7 zimepita hana nafuu. Na kama nyumbani kuna kichanga, mtoto wa chini ya mwezi 1 mwenye macho yanayotoa usaha huwa hasubirishwi hata saa chache, maana huenda ni kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa. Kabla daktari wa uzazi Carl Credé hajaanza kuwatilia watoto wachanga wa Leipzig, Ujerumani, tone la nitreti ya fedha mwaka 1880, kama mtoto 1 kati ya 10 waliozaliwa pale alipata ugonjwa huo wa macho. Baadaye ilikuwa chini ya 1 kati ya 100.

Kuhusu mama mkwe, usimwambie kwamba daktari kasema dawa yake ni ya kijinga, kwa sababu sijasema hivyo. Mpe kazi. Zamani hizo, nina hakika, kabla ya kutia mshubiri aliwafuta watoto macho kwa maji ya moto yaliyopoa na kukaa nao usiku. Mwombe afanye hivyo hivyo kwa mjukuu wake. Mtoto akija kuota chokea, kitambaa cha vuguvugu juu ya ukope uliofumbwa, dakika 5 hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku, ndiyo tiba tunayoitoa hata sisi, na hakuna anayeijua kazi hiyo kuliko bibi.

Na kama ameshamtilia kabla hujapata jibu hili, mwoshe macho kwa maji mengi safi yaliyochemshwa yakapoa, na ukienda hospitali sema. Beba na jani lenyewe, au kikombe kilichobaki. Wengi hutuficha kwa kuogopa kugombezwa, nasi tunapoteza siku mbili tukitafuta kijidudu ilhali jicho limechomwa na utomvu.